Waziri Hakai Udongoni

Jumatatu, 5 Juni 1995

Hatari! Mama mkwe anakuja Jumapili kutoka Chamazi kumkagua kobe wake, Waziri, aliyetuachia tumtunze. Amemwambia mke wangu Najma kwamba akimkuta mnyonge, atampa Mwishehe. Mwishehe! Jirani wa ukuta mmoja! Kobe wa Mwishehe analala kwenye udongo na majani makavu, kazungushiwa mabati yenye kutu, na bado Tegeta nzima inakwenda kumtazama. Najma naye. Jana nimemsikia akicheka huko. Kwangu hajacheka tangu Idi.

Wivu? Mimi? Roho inaniuma tu.

Jumanne, 6 Juni

Nimekwenda kwa Romani, fundi seremala, nikarudi na gunia la maranda ya mbao. Nimemtandikia Waziri kitanda kinene cha mgeni wa heshima. Akala kitanda. Kisha akapiga chafya. Sikujua kobe hupiga chafya.

Mwishehe kachungulia juu ya ukuta, bila kualikwa. Eti maranda yatamziba tumbo, kobe anataka udongo wa kuchimba, wenye mchanga kidogo, na kivuli. Nikamwambia ahsante jirani. Anataka kobe wangu achafuke kama wake!

Jumatano, 7 Juni

Maranda nje, vigae ndani! Vyeupe, vya Dubai, vilibaki bosi wangu wa kazini alipojenga choo chake. Siku hizi soko huria, kila kitu kipo. Kwa nini kobe aishi kama enzi za foleni ya sukari? Nimevibandika mwenyewe. Najma akauliza choo chetu sisi kitavipata lini.

Waziri kateleza. Miguu minne, kila mmoja na njia yake.

Ijumaa, 9 Juni

Waziri hali chakula. Kainama kutwa nzima, anaparuza vigae kwa miguu ya nyuma. Najma anataka tumwite Mwishehe. Ng'o! Nikamkumbusha kwamba kobe akiinama anatunga sheria. Na huyu ni Waziri, ndiyo kazi yake. Najma akasema basi na mimi niiname, labda nitatunga akili.

Jumapili, 11 Juni

Balaa! Alfajiri bandani hamna kobe. Saa tatu mama mkwe huyo, anapiga hodi. Nikamwamkia mara mbili. Akauliza Waziri yuko wapi, nikasema yuko kikaoni.

Hapo hapo Mwishehe akatuita kwa sauti. Waziri wetu alikuwa kwake! Kapita kwenye tundu la maji chini ya ukuta, kaingia kwenye ule udongo, kachimba shimo. Ndani ya shimo, mayai manne.

Mama mkwe akapiga kigelegele. Waziri ni jike! Najma akanigeukia, akasema kumbe hakuwa akitunga sheria, alikuwa akitunga mayai. Wakacheka wote. Mwishehe alicheka hadi akashika ukuta. Ukuta wangu, nilijenga mimi.

Hukumu ya mama mkwe: Waziri abaki kwa Mwishehe. Atarudi siku nitakayoweka udongo bandani, na si kabla. Nikitaka kumwona, nibishe hodi. Nimelia kidogo chooni. Nampenda yule kobe, nisidanganye. Anapokula mchicha kutoka mkononi mwangu hunitazama kama mtu mwenye akili, jambo ambalo nyumba hii hainifanyii.

Jumatatu, 12 Juni

Sikupata usingizi. Asubuhi nimeng'oa vigae vyote. Nimejaza udongo laini, mchanga kidogo, majani makavu, kivuli cha makuti. Vizuri sana. Nikarudi nyuma hatua tatu nitazame kazi yangu.

Banda likafanana kabisa na la Mwishehe. Kabisa! Tegeta nzima itasema nimemwiga.

Nikaenda mbio dukani. Jioni hii nimesakafia juu yake kwa saruji nyekundu, inang'aa hadi unajiona uso. Udongo upo palepale chini, sharti nimelitimiza. Nimemwambia Najma akamwite mama yake.