Vijiti vya Mama Honorine

Jumatatu, 4 Novemba

Theluji bado. Karakana nzima ya saa tunachungulia dirishani kama watu wanaosubiri mgeni. Ikianguka ya kwanza, Bwana Aurèle, mkuu wetu, atavitia motoni vijiti vya kung'arishia vya Mama Honorine, kama vinavyochomwa vya kila fundi wetu aliyefariki. Kisha ataitoa meza ya marehemu, ile ya dirisha la kaskazini. Ama kwangu, ama kwa Ludivine.

Lazima niwe mimi! Nimesoma fizikia chuo kikuu, Lausanne. Ludivine amesoma nini? Amesoma lebo za jibini.

Tumepewa jaribio: daraja la saa ya mkono, kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha, kinachoshika magurudumu. Kingo zake zichongwe mshazari, kisha zing'arishwe kwa kijiti kikavu cha jentiana, ule mmea mchungu wa milimani, mpaka zimeze mwanga. Shida ni kona ya ndani. Mashine haiiwezi. Mimi pia. Yangu inatoka mviringo kama mkate. Ludivine ameitazama kwa lenzi akasema, "Shoga, humo panya analala na watoto wake."

Kona hiyo itafunikwa na uso wa saa. Mvaaji hataiona maisha yake yote. Ataiona fundi mwingine, sisi tukiwa tumeshaoza. Kwa hiyo ndiyo muhimu kuliko zote.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango! Mzuri mpaka nimejiogopa.

Vijiti vya Honorine vimo kwenye droo yake, vimefungwa uzi mweusi. Alivikata mwenyewe malishoni, huko juu. Bonde zima hakuna aliyemfikia kwa kona. Basi nitavichukua, niweke vyangu mahali pake. Moto hausomi majina.

Wenzangu walipotoka kunywa kahawa, nikabadilisha. Uzi nikaufunga vilevile. Nimeona vyake vina alama za meno nchani. Alikuwa akivitafuna ili vilainike. Vilikuwa na mate bado.

Amezikwa tangu Februari. Droo inavuta unyevu, bila shaka.

Alhamisi, 7 Novemba

Theluji! Tulisimama kulizunguka jiko, kofia mikononi. Bwana Aurèle akavitia vijiti, akasema yale yanayosemwa: nenda na mkono wako, fundi, usituachie kitu. Vyangu vikawaka vizuri sana. Vidole vyangu vikafa ganzi. Mlango ulikuwa wazi, nadhani. Nikaangalia: umefungwa. Basi dirisha.

Baadaye Ludivine aligawa vikombe, akanipita. Nikamuuliza, na mimi je? Nusura aangushe sinia. "Mama yangu! We umekaa hapo tangu lini?"

Wivu.

Nikaingia kazini. Nikatafuna kijiti kimoja. Kichungu mpaka machozi. Kisha kona ikatoka! Kali, safi, mistari miwili ya mwanga ikikutana kwenye ncha moja, kama imechorwa na malaika mwenye hasira. Niliitazama mpaka lenzi ikanichora duara jichoni. Ndipo nikaona nimekishika kijiti kwa mkono wa kushoto.

Mimi hutumia wa kulia.

Kipaji huchelewa kujitokeza kwa watu wengine.

Ijumaa, 8 Novemba

Chokoleti chungu. Supu chungu. Dawa ya meno chungu. Tena kuna wimbo unanitoka puani nikifanya kazi, wala siujui. Leo Bwana Aurèle, bila kuinua kichwa, akasema, "Honorine, tafadhali, hiyo pua."

Wote wakainua vichwa. Akajifuta uso akasema uzee huu, jamani, nisameheni. Alimwomba radhi Ludivine. Akaliomba radhi jiko. Mimi akaniruka.

Sikujali. Kama ananichanganya na Honorine, basi nimeshafika! Meza ni yangu.

Jumatatu, 11 Novemba

Uamuzi. Balaa!

Niliweka daraja langu mbele ya Bwana Aurèle, juu ya karatasi nyeupe. Akatia lenzi jichoni. Akawaita wote. Akasema tazameni mikwaruzo hii, myembamba kuliko unywele, yote inaelekea kushoto. Amekaa karibu na Honorine, mtu wa mkono wa kushoto, ujana wake wote na hawezi kumkosea. Hii ni kazi ya mwisho ya Honorine. Imepatikana. Akalia waziwazi, miwani mkononi.

Nikasema ni yangu. Nikasema tena, kwa sauti. Nikamshika Ludivine bega. Akalisugua, akalalamika kwamba jiko limezimika. Kisha naye akalia, mnafiki yule! "Mama Honorine, mpaka kaburini unatuaibisha."

Basi ikaamuliwa meza haipewi mtu. Itabaki ya Honorine. Bwana Aurèle akauliza, na yule msichana wa Lausanne yuko wapi? Apolline, sijui nani? Ludivine akasema labda amekata tamaa akarudi kwao, alikuwa na kiburi ila si mbaya sana.

Nilikuwa nimesimama katikati yao.

Jioni nilimpigia mama simu. Akaita halo, halo, kisha akamwambia baba kuna bibi mmoja anapumua huko.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekaa kwenye meza ya dirisha la kaskazini. Hakuna aliyenizuia. Asubuhi Bwana Aurèle aliweka kikombe cha kahawa hapa, akainama kidogo, akaondoka kwa kunyata. Nimekinywa chote. Mwanga wa theluji ni wa ajabu. Unaingia mpaka ndani ya chuma.

Kwa hiyo, tukitulia tukafikiri, nimeshinda. Limebaki suala dogo la jina.

Nimelichunguza kosa langu kama nilivyofundishwa chuoni, hatua kwa hatua. Kuiba halikuwa kosa. Kosa ni kumwibia marehemu: sifa zote zinakwenda kwake, naye hana hata shukrani. Wa kuibiwa ni mtu aliye hai. Kijana. Mwenye afya. Anayeonekana na watu na kupewa kahawa bila kuomba.

Ludivine ametoka kwenda kula soseji. Vijiti vyake vimo kwenye droo, na droo haina kufuli. Tena ameiacha wazi kidogo, kama mtu anayenikaribisha.

Mjinga.