Kliniki ya Vidole ya Bwana Ermes

Kiwanda cha viatu vya kupandia miamba kilipofilisika, wanunuzi walikuja mnadani, wakafungua maboksi mawili matatu, wakaondoka wakitikisa vichwa. Viatu vyenyewe vilikuwa safi: ngozi laini, soli inayonata kama ulimi wa kinyonga. Ila ghala zima lilikuwa namba thelathini na saba. Hakukuwa na nyingine.

Aliyebaki ni Ermes Bazzanella, ametabasamu kama paka aliyeachiwa jiko.

"Na wenye miguu mikubwa utawauzia nini?" dalali alimuuliza.

"Miguu mikubwa haipo, mzee. Wapo watu waliokosa ushauri tu."

Ermes hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti cha baa. Lakini alizaliwa Arco, mji wa wapanda miamba huko Italia, ambako hata padri ana kamba kwenye buti la gari, na jambo moja alilijua vizuri: mpandaji anayeanza haogopi kuanguka kama anavyoogopa kuonekana mgeni. Akafungua duka mtandaoni, akaliita Kliniki ya Vidole. Mteja alitakiwa kukanyaga karatasi, achore mguu wake kwa penseli, apige picha, atume. Daktari Ermes (wa nini, hakuna aliyeuliza) alimsubirisha saa nzima, yaani alimaliza karata na kahawa yake, ndipo akapiga simu kwa sauti nzito.

"Daktari, mimi navaa arobaini na tatu," alisema bwana mmoja wa Verona.

"Hiyo ya kutembelea. Kwani wewe unataka kutembea au kupanda?"

"Kupanda."

"Basi wewe ni thelathini na saba."

"Vidole vitaingiaje, daktari?"

"Vitajikunja. Kidole kilichonyooka ni kidole kivivu."

Binti mmoja mwenye mguu mdogo mno alilalamika kwamba kisigino kinapwaya. "Hiyo ni nafasi ya hewa," Ermes alimtuliza. "Majabali ya huku yana joto."

Hakuna aliyerudisha kiatu. Nani aandike hadharani kwamba vidole vyake vimeshindwa? Kinyume chake, walisifu. Mmoja aliandika: "Vinabana inavyopaswa. Nimelia."

Mambo yakawa hivyo mpaka alipokuja Ondina Perghem, mama wa makamo mwenye upole wa mtawa na lori lake mwenyewe. Alisema ametumwa na chama cha wapandaji cha bonde la jirani. Wanataka viatu vyote vilivyobaki, kwa bei aliyoitangaza Ermes, bila kupunguziwa.

Ermes alijikaza asicheke. "Vyote, dada?"

"Vyote. Ila wanachama wana sharti dogo. Wanataka picha ya daktari mwenyewe akiwa juu ya mwamba, amevaa bidhaa yake. Ndipo watakapolipa."

Ermes alikuwa anavaa arobaini na nne. Lakini tamaa haina kisigino. Walipakia maboksi yote kwenye lori, wakaenda nyuma ya ngome ya kale ya mji, na pale chini ya jabali akasukuma mguu ndani ya kiatu huku mama Ondina akimwelekeza kwa huruma: "Pumua nje. Kunja. Kunja tena. Unakijua kidole kivivu."

Alipanda akilia kimyakimya. Mama Ondina alimshikia kamba vizuri kabisa, hakuna wa kumlaumu. Ermes alipofika kwenye kibao cha jiwe kilichotosha kukalia, mama Ondina alimwambia ajifunge kwa mkanda wa kiunoni kwenye pete ya chuma iliyochimbiwa mwambani, aifungue ile kamba na kuiangusha isionekane pichani, naye apige picha.

"Picha imetoka nzuri," alisema, akiikunja kamba. "Usihofu, bwana. Waokoaji nimeshawaita. Nimewaambia hakuna haraka."

"Dada Ondina, na malipo?"

"Chama kitakaa kikao."

Lori likaondoka taratibu, kama la mtu mwenye dhamiri safi.

Mwokoaji aliyemfikia aliitwa Livio, jitu la mabega mapana. Alimkagua uso, kisha miguu, kisha akakaa kando yake akatoa mkate wenye jibini.

"Nivue kwanza, ndugu yangu," Ermes aliomba.

"Nitakuvua. Mimi mteja wako." Livio alitafuna polepole akiangalia bonde. "Mke wangu aliniambia nirudishe. Nikamwambia yeye hajui mambo ya kitaalamu."

Viatu vilikatwa kwa mkasi wa kukatia bati. Ermes alilala siku mbili miguu ikiwa kwenye beseni, na aliponyanyuka kushika kompyuta alikuta duka jipya mtandaoni, lenye picha yake mwenyewe juu ya jabali, uso umekunjamana. Chini yake imeandikwa: "Huyu alikosea namba. Tunauza thelathini na saba tu. Kama mguu wako si huo, tafadhali usinunue." Nusu ya mzigo ilikuwa imeshauzwa, kwa bei ya juu kuliko ya kwake.

Ermes alimwandikia mama Ondina matusi ya ukurasa mzima. Ondina alijibu siku ileile.

"Pole na miguu. Simu zimenizidi, wenye miguu mikubwa wananibembeleza niwauzie hivyohivyo. Natafuta mtu mwenye sauti nzito wa kuwaambia hapana."

Ermes aliisoma, akaguna, akamtukana tena moyoni. Akaenda kubadilisha maji ya beseni. Aliporudi, aliandika kuuliza mshahara.