Kisima Kilichokunywa Maboza

Siku malori ya kampuni ya gesi yalipoanza kupita mjini, watu waliona vumbi. Tapeli mmoja aliyeitwa Ulimi Asali aliona maji. Alikuwa amesikia kwamba ili gesi itoke, kampuni husukuma maji na mchanga ardhini kwa nguvu mpaka mwamba upasuke, na kwamba kisima kimoja cha gesi hunywa maji ya kuutosha mtaa mzima kwa miezi. Basi akanunua kwa bei ya kutupa kiwanja chenye kisima kikavu, nyuma ya duka la dobi. Akauza pikipiki yake, mali kubwa pekee aliyobakiwa nayo, akanunua maji ya boza moja, lori la tangi, na kuyamwaga kisimani alfajiri. Anayetaka samaki hana budi kutia chambo.

Saa nne alikuwa kwa Mama Dobi, mjane aliyesifika kwa kupenda faida.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukutajirisha."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujaanza na nafsi yako?"

"Mimi sina tamaa. Nunua kisima, iuzie kampuni maji, wewe ulale."

Mama akatumbukiza kamba yenye jiwe, ikatoka imelowa nusu nzima. Macho yakamng'aa. Ulimi Asali akajua mama kaingia mkenge.

"Kizuri. Ila nataka nikione na maji siku tatu mfululizo, ndipo nitoe hela."

Kesho yake alfajiri kisima kilikuwa kimekauka kau. Ulimi Asali akaitukana ardhi kwa ulafi wake, akaita maboza mawili. Siku ya tatu, matatu. Hapo alishauza na simu. Mama akapima, akaridhika, akamwambia amfuate uani.

Huko ovaroli za wafanyakazi wa kampuni zilijaa kwenye kamba zote, na bomba lililotokeza ukutani lilikuwa likijaza matangi.

"Mama, hilo bomba linatoka wapi?"

"Kisimani. Marehemu mume wangu ndiye aliyekichimba na kulaza bomba, kabla hatujauza kiwanja. Kimekauka mwaka wa saba huu. Nimepata kazi ya kufulia kampuni, maji sina, Mungu akakuleta."

"Umeniibia! Naenda polisi!"

"Nenda, baba. Wakikuuliza maji yaliingiaje kwenye kisima kikavu unachouza, utawajibu nini?"

Mama Dobi akamsogezea beseni.

"Kama huna nauli, zimebaki ovaroli themanini. Nalipa kwa kila moja."

Ulimi Asali akautazama mlango, akapapasa mifuko mitupu. Kisha akakunja mikono ya shati, akaanza kufua kwa maji aliyoyanunua mwenyewe.