Mashine ya Mihayo Yapata Jina

"Mzungu wa tumbaku kule Iringa kafungasha! Kauza mpaka mapazia!" Danieli alitangaza kabla hata hajakaa. Tunamwita Gazeti, maana husoma hata karatasi iliyofungia sukari.

"Umechelewa," akasema Mihayo, huku kamba ya ng'ombe inamning'inia begani. Akatua kitu kwenye benchi letu la kahawa hapa Igawa. "Vyombo vyake vilipita alfajiri kwenye lori. Nimepata hiki."

Tukatazama. Chupa kubwa ya kioo, juu mfuniko wa chuma wenye mpini wa kuzungusha, ndani makasia ya mbao.

"Umetoa nini?" nikamuuliza.

"Ng'ombe."

"Yupi?"

"Kwani ninao wangapi?"

Lahaula! Ng'ombe yule mmoja ndiye samli ya Roza, mkewe, na samli ya Roza ndiyo chumvi, mafuta ya taa na sare za watoto. Mwanaume mzima!

"Dereva kasema ni mashine ya utajiri," Mihayo akajitetea. "Jamani, niambieni kazi yake kabla Roza hajatoka gulioni. Nikimwambia sijui, nimekwisha."

"Ya kupukuchua mahindi," akasema Kalinga, fundi wa matairi, ambaye sisi humwita Spana.

"Gunzi litokee wapi, puani kwako?" nikamwambia.

"Basi ya kufulia."

"Kufulia nini, leso? Suruali yako hiyo haiingii hata mguu!"

"Ya umeme," Gazeti akakata shauri. "Ukizungusha, taa inawaka. Nimesoma."

"Kwenye karatasi ya sukari! Taa yenyewe iko wapi?"

Spana akasonya. "Mabepari hawa, hata uvivu wanautengenezea mashine. Na Mihayo anawanunulia!"

Mara Roza huyo, kikapu kichwani. Mihayo akavua koti afunike chupa, akachelewa.

"Hamjambo, baba zangu? Nini hiki?" Akafungua mfuniko, akanusa makasia. Akanusa tena. "Samli! Baba Shija, hii ni ya kusukia maziwa! Miaka yote nasukasuka kibuyu mpaka bega linakufa ganzi, kumbe wenzetu wanazungusha tu? Leo umenikumbuka, mume wangu!" Akamshika mkono hapo hapo mbele yetu. "Ngoja nikakamue sasa hivi."

Gazeti akageuka kutazama malori. Spana akawa anatafuta kitu ndani ya kikombe kitupu.

"Mbona mmenyamaza?"

Ndipo akaiona ile kamba. Akaishika ncha, akaivuta taratibu, ikateleza yote kutoka begani kwa mumewe, haina kitu mwishoni.

"Kaa," akasema.

Mihayo akakaa. Roza akampakatisha chupa.

"Zungusha."

"Mama Shija, hamna maziwa."

"Najua. Zungusha mpaka yaje."

Tukaanza kuondoka mmoja mmoja, kahawa hatujaimaliza. Nyuma yetu fala yule anazungusha, kra, kra, kra.