Nami Nibaki Mimi

Ndosho, Goma, Jumatatu asubuhi

Kwa Papa Profesa Wenceslas, anayemfundisha bwana yangu hesabu

Papa Profesa mheshimiwa,

Ninakusalimu kwa heshima zote, na kwa furaha ambayo karatasi hii haiwezi kuibeba. Mimi ni Bénita Kanyere, mke mpya wa Élisée, yule mwanafunzi wako mrefu anayeandika mémoire ya kumaliza chuo juu ya demi-groupe za mageuzi, hesabu zile za kuhamisha vitu. Ulicheza kwenye arusi yetu. Mimi ndiye niliyevaa nyeupe. Jumamosi atatetea kazi yake mbele yako. Kabla hujampa alama, pokea malalamiko yangu. Nimeyapanga kwa namba, kwa sababu nilimaliza sekondari.

1. Bwana yangu alinichumbia kwa hesabu yako. Wanaume wengine huleta maua ya plastiki. Wangu alishika chaki, akaandika juu ya jiwe jeusi la volkano nyuma ya nyumba ya baba yangu, kule Mabanga: a b a = a. Akasema a ni yeye, b ni mimi. Yeye, kisha mimi, kisha yeye tena: anabaki yeye mwenyewe, hakipungui kitu. Mwenye kumpata b kama huyo huitwa régulier, na yeye, tangu anione, ni régulier. Papa Profesa, nililia. Nilikubali kabla hajapangusa vidole.

2. Kisha akayaleta mageuzi sebuleni. Unajua desturi: baada ya arusi, familia zote mbili huja kuona kama bibi-arusi anajua kupokea wageni. Wakwe zangu walishuka kutoka Masisi na maziwa. Wangu walitoka Mabanga, wengine Butembo, na kahawa. Wakaketi kila familia upande wake, wakipimana kwa macho. Ili kuwachangamsha, Élisée akawaeleza: kila kiti kinapewa kiti kingine, na aliyekikalia anahamia huko; viti viwili vinaweza kupewa kiti kimoja. Ndivyo mama mkwe wangu alivyojikuta juu ya mapaja ya shangazi yangu Charline. Akasema, "Weye Élisée, ni hii masomo tuliuzia ngombe?" Shangazi akamjibu, "Ikala tu, mama, uko mwepesi kuliko mémoire yake." Wakacheka mpaka maziwa yakamwagika. Siku hizi wanapigiana simu bila kutupitia sisi.

3. Élisée akaagiza warudi: kuhama ni a, kurudi ni b. Lakini kiti hakikumbuki nani alitoka wapi, kwa hiyo waliokaa pamoja hurudi pamoja. Mama mkwe na shangazi wakarudishwa wote wawili kwenye kiti cha kwanza cha shangazi. Mageuzi yakarudiwa, na kila mtu akafika palepale alipofika mara ya kwanza. Bwana yangu akaruka: régulier! Watu wakampigia a makofi. Na b, aliyefanya kazi ya kuwarudisha watu wote wale? Hakuna aliyemtazama.

4. Hapo ndipo roho ilipostuka. Tangu niolewe, Ndosho nzima inaniita Bibi ya Élisée. Kwenye kwaya ya Mabanga nilikuwa Kanyere wa sauti ya pili. Hapa hakuna anayejua kama ninaimba. Ninachambua mboga za lenga-lenga nikimwaza a, ninafua mashati nikimwaza a, na a anazidi kung'aa, mzuri kama nini! Ninampenda mno. Lakini mimi, kisha yeye, kisha mimi tena: je, ninabaki mimi? Hesabu yako haisemi.

5. Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, neno régulier lidai pia b a b = b. Vitabu vyote duniani visahihishwe. Ndoa zilizofungwa chini ya sheria ya zamani zifungwe upya, tukianza na yetu, maana gauni bado linanitosha. Bila hivyo, sitakaanga samaki wadogo, sambaza za Jumamosi, na jury itatoa alama kwa njaa.

Umsalimie mama wa nyumbani kwako, ambaye nadhani naye ni b wa mtu. Uwasalimie wanajury wote, na mlinzi wa lango la chuo aliyecheza vizuri kuliko nyote siku ya arusi.

Ninabaki, kama hesabu inaruhusu,

Bénita Kanyere

Nyongeza: Élisée ameingia, ameisoma barua hii juu ya bega langu, na hakucheka. Anasema vitabu viachwe. Ukishapata a b a = a, mwondoe b, na mahali pake weka b a b: mimi, kisha yeye, kisha mimi. Huyo anamrudisha a kama mwanzo, na a naye anamrudisha yeye vilevile. Sikuamini. Tumesogeza viti vyote vya sebule, tukijaribu, na imekubali! Sambaza zipo, njooni na njaa. Barua ninaituma hata hivyo, kwa sababu mwandiko umetoka vizuri. Halafu ameniomba nimwimbie sauti ya pili. Nimeimba kwa nguvu, majirani wakaja dirishani kuuliza ni nani huyo. Bwana yangu amewajibu: ni Kanyere.