Rangi ya Mkate

Jumatatu, 3 Machi 2003
Leo nimeamua. Ng'ambo ya barabara Kiragu anauza mkate wa brown, na kila mwenye presha au ugonjwa wa sukari hapa Kitengela anamwendea kama anaenda kliniki. Mimi, mwoka mikate wa siku nyingi, nimebaki na watoto wa shule. Inaniuma. Nimeuchunguza mkate wake kwa makini. Mkavu, mzito, umejaa pumba. Wanachofuata watu ni rangi tu.

Baba mkwe, Mzee Muthama, amekuja kutoka Magadi akae kwetu akitibiwa sukari. Daktari amemkataza mkate mweupe. Mke wangu Evalyne ameniomba nimwokee wa ngano nzima, unga wa atta, bila sukari. Nimeahidi. Huyu mzee ndiye aliyekubali nimwoe bintiye wakati ndugu zake wote walisema kazi yangu ni mdomo. Siwezi kumwangusha.

Jumatano, 5 Machi
Atta ni ya kuagiza Nairobi, na mkate wake hauumuki vizuri. Nimechoma sukari kwa sufuria mpaka ikawa nyeusi, nikaitia kwa unga mweupe. Ikaleta uchungu. Nikaongeza sukari nyeupe kuufunika. Juu nikanyunyiza pumba za ngano kutoka duka la chakula cha kuku. Mkate mrembo sana. Evalyne aliuliza moshi ni wa nini. Nikamwambia ni utafiti.

Caro wa cyber amenichapia karatasi za kufungia zenye jina langu: NAFAKA NZIMA YA MBUVI. HAINA SUKARI.

Mzee hataguswa na jambo hili. Mimi si mnyama. Kila asubuhi nitamtuma mama mboga kwa Kiragu, anunue mkate wake, kisha niufunge kwa karatasi yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Wateja wa Kiragu wameanza kuvuka barabara. Mzee anatafuna mkate wa Kiragu. Anasema ni mkavu lakini ni dawa. Evalyne alinishika mkono mbele ya babake. Nilijisikia mtu.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Baada ya kanisa akina mama walikuja kumwona mgonjwa, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Wanjira. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, kwa hivyo kila mmoja alibeba mkate. Wangu. Wanjira alieleza kwamba wamelipita duka la Kiragu makusudi, kwa heshima ya mkwe. Meza ikajaa.

Na wageni wakileta, mgonjwa lazima aonje mbele yao. Mzee akachovya kipande kwa chai ya strungi, akafumba macho, akasema Mungu amemrudishia ladha. Akaomba kingine. Nikajaribu kuiondoa mikate, eti nimwekee. Evalyne akasema chakula cha mgonjwa hakihamishwi. Basi nikaanza kuila mwenyewe, kipande baada ya kipande, ili kumwokoa. Evalyne aliniita jikoni akaniuliza kama sina haya. Mdomo ulikuwa umejaa.

Jumanne, 11 Machi
Mzee alikunywa maji usiku kucha, asubuhi akashindwa kusimama. Tumemkimbiza hospitali, Kajiado. Sukari iko juu sana. Daktari aliuliza amekula nini. Evalyne akatoa mkate wangu kwa mkoba, kwa fahari, akasema ni nafaka nzima, kazi ya mume wake. Daktari akamega, akaonja, akampa Evalyne naye aonje. Alikuwa hajawahi kuugusa, kwa kuwa ni wa babake. Akatafuna polepole huku akiniangalia. Afadhali angepiga kelele.

Nilitoka nje nikalia kando ya tangi la maji. Huyu mzee akifa nitakuwa nimemuua mimi, na nampenda.

Alhamisi, 13 Machi
Mzee amepata nafuu. Aliomba tuachwe wawili. Akaniambia alijua tangu Jumapili, kwa sababu mkate wa asubuhi na ule wa wageni haukuzaliwa na mama mmoja. Alikula akijua. Ulikuwa mtamu na amechoka kunyimwa. Akasema kosa tumegawana, ila lake limemlaza yeye peke yake, na langu linauzwa dukani, na kila nyumba iko na mzee wake. Nikapiga magoti, nikaapa.

Jumapili, 16 Machi
Mzee amerudi nyumbani. Evalyne amezichoma zile karatasi zote. Ananipa chumvi mezani bila kuniangalia. Nimeoka mkate wangu wa kwanza wa atta ya kweli. Haukuumuka. Mzee alikula kipande chake chote, polepole, akasema asante mwanangu. Nililia tena. Nimebadilika kabisa.

Jioni akina mama walikuja. Wanjira ametangaza kwamba mkate basi. Daktari amesifu uji wa wimbi, yaani ulezi, kwa hivyo kuanzia sasa kila anayekwenda kumwona mgonjwa atabeba pakiti ya unga wa wimbi. Nimelitafakari jambo hili kwa unyenyekevu. Wimbi ni adimu huku kwetu. Unga wa mahindi upo tele. Na ile sukari niliyochoma, bado niko na kopo zima chini ya kitanda.

Mzee hataguswa. Yeye nitamnunulia wimbi ya kweli, kwa Kiragu.