Maksi Moja ya Malkia wa Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ukumbi wa wazee. Ijumaa, chemshabongo. Mada: nyimbo za mapenzi zilizotamba miaka ya tisini. Mshindi atachagua nyimbo za dansi la Jumamosi. Hatimaye, mada yangu! Daktari wa Meno, mstaafu, ameshinda zote tangu mwaka uanze: mito, wafalme, hata samaki. Alinikuta nasoma, akanipiga bega, akasema mzee mwenzangu, wewe njoo utupangie viti tu. Nikacheka. Cheko la nje.

Hajui nilikotoka. Mtaani kwetu, kabla hatujatawanyika, kila uchumba ulipitia kwenye kanda. Wakili, mwashi, mwizi wa baiskeli, wote walikwenda kwa Fundi Kanda pale kona. Aliwarekodia nyimbo kutoka redioni, majina ya waimbaji yakaandikwa kwa wino mwekundu. Mama watoto nilimpata kwa kanda ya dakika sitini. Tangu nimzike, sina wa kumwambia "unakumbuka?" Binti yangu, mzaliwa wa huku, hunijibu: Baba, hiyo umeshasimulia. Miaka thelathini ugenini, na sijakutana na mtu wa mtaa wetu. Mmoja tu angenitosha.

Lakini kwanza Daktari.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea keki Mkutubi, mtunga maswali. Nikamweleza kuwa keki haina nia yoyote. Akasema basi ataila bila nia yoyote. Alipofika kipande cha pili nikauimba, kwa bahati mbaya iliyopangwa, ule wimbo wa mwanamume aliyesimama kwenye mvua mlangoni kwa mpenzi wake. Akautambua! Akasema atauliza waliouimba ni nani, kwa heshima ya keki.

Nimeshinda. Nani asiyejua? Malkia wa Ng'ambo! Kanda yangu ilijaa nyimbo zake. Sauti yake ilibadilika kila wimbo, mara nyingine ikawa nzito kama ya mwanamume. Kipaji!

Ijumaa, 7 Machi

Niandike upesi kabla hasira haijapoa.

Maswali ya mwanzo niliyatafuna. Kufikia la mwisho tulikuwa sawa watatu: mimi, Daktari na Mama Cherehani, mgeni, anayepunguza suruali kwenye duka la dobi. Alikaa peke yake nyuma ya nguzo, mkoba mapajani.

Swali likaja. Langu! Mkutubi akasoma majibu kwa sauti. Daktari alitaja bendi moja ya ndugu watatu. Sahihi. Mimi: Malkia wa Ng'ambo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkutubi akasema, kwa upole unaoumiza, kwamba mwimbaji wa jina hilo hajawahi kuwepo. Akafungua karatasi ya Mama Cherehani. Malkia wa Ng'ambo.

Nikasimama. Wizi! Nafasi ya kwanza ilikwisha kwenda kwa Daktari, lakini ya pili ilikuwa bado mezani. Nikasema kosa kama langu mtu hawezi kulipata kwa akili yake mwenyewe, lazima amechungulia. Mama akaniangalia. Akaniuliza, polepole, jina hilo nimelitoa wapi. Nikamwambia asibadilishe mada. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nimepewa nafasi ya pili. Cheti kiko juu ya friji.

Jumamosi, 8 Machi

Dansi. Daktari, kwa kunikomoa, akaanza na wimbo uleule. Sikuwa nimeusikia tangu tuondoke. Kweli ni watatu. Hata mimi nimewasikia. Kwenye kanda yangu ulikatika ubeti wa pili, mkanda uliisha, na umri wote huu nimeishi nikijua yule bwana alibaki kwenye mvua. Kumbe mwishoni mlango unafunguliwa. Ilibidi nikae.

Ndipo nikaitazama ile nguzo. Pana kama kabati. Hakuna shingo duniani ya kuizunguka. Na jina lile halikupata kuandikwa popote ila kwa wino mwekundu, pale kona.

Nimempigia binti yangu. Akasema: Baba, umengoja miaka yote hii mtu wa kwenu, amekuja, ukamwita mwizi?

Nikamsahihisha. Sikusema mwizi. Nilisema wizi.

Jumatatu, 10 Machi

Jana duka la dobi lilifungwa. Leo nimefika kabla ya mwenyewe. Nilibeba suruali, nisionekane nimekuja kuomba radhi.

Mwenye duka akasema Mama kaacha kazi Jumamosi, kahamia kwa mwanawe, mji mwingine, siku nzima kwa treni. Safari aliipanga zamani. Ukumbini alikuja ili asiondoke bila kuingia hata mara moja. Kumbe, kwa alivyomsimulia mwenye duka, ni dada yake Fundi Kanda, ambaye sasa ni marehemu. Yeye ndiye aliyeandika majina. Kaka akirekodi asimjue mwimbaji, humwuliza yeye. Naye, kigoli wa ghorofani asiyewahi kuvuka hata mto, huandika jina alilojipa mwenyewe. Malkia wa Ng'ambo.

Nimepewa namba yake ya simu. Suruali nimeiacha. Haikuwa na tatizo lolote.

Jumanne, 11 Machi

Amepokea! Nikasema ni mimi, yule wa nafasi ya pili. Akauliza nilikuwa nyumba ipi. Ile ya mlango wa buluu, karibu na bomba. Akacheka, kicheko cha kwetu, cha kuvuta pumzi kwanza. Akasema kumbe ndiwe wewe kaka uliyekuwa ukiturudishia kanda kila wiki, eti inakatika! Akamkumbuka mama watoto, gauni lake la maua, alivyokuwa akipita akiimba puani. Hakuna mtu aliyewahi kunitajia gauni lile. Hapo ndipo palikuwa pa kusema: dada, nisamehe.

Nikamwomba ampigie Mkutubi athibitishe kuwa Malkia yupo. Kwa maksi ile namfikia Daktari!

Akasema kaka yangu, mtaa wote umekwisha, tumebaki mimi na wewe, na unachotaka ni maksi? Akakata. Nimepiga tena mchana, nimepiga jioni. Inaita tu.

Sijakata tamaa. Ijumaa ijayo ni nyimbo za waimbaji wawili, na timu ni za watu wawili. Nimeshamwandikisha pamoja nami. Hajui, lakini jina lake likishakuwa ubaoni atakataaje? Treni zipo. Akifika nitamwomba radhi ipasavyo, hata kwa kupiga magoti.

Baada ya matokeo.